Sikanyagi Mtu Tena

Niseme mapema ili tusichoshane: simkanyagi mtu. Wanakuja nyumbani kwangu hapa Kasulu wakichechemea, wameegemea bega la jirani, wanasema wametumwa na shangazi au na fundi pikipiki wa stendi. Nawakaribisha, nawapa kigoda, nawatazama mguu. Wakivua kiatu na kujilaza chini wakisubiri nipande juu yao, nawaambia wainuke. Wengine hukasirika. Mmoja aliniambia nina roho mbaya, eti Mungu amenipa kitu cha bure na mimi nakikalia. Nilimjibu kwamba alichonipa Mungu ni watoto wawili, wote wako shuleni, akitaka aende akawatazame.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu, nieleze. Katika ukoo niliozaliwa kule Murungu, wilaya ya Kibondo, na kwa akina mume wangu upande wa Munanila, mwanamke aliyezaa mapacha huaminiwa kwamba mguu wake wa kulia una dawa. Mtu akiteguka kifundo, au akikamatwa kiuno akiwa shambani, huitwa mama wa mapacha amkanyage mara tatu pale panapouma, na ile mara ya tatu kisigino kizunguke kidogo. Basi, imekwisha. Hakuna majani, hakuna hirizi, hakuna maneno ya kunong'ona. Ndiyo maana hata watu wa kanisani na wa msikitini hawaoni tabu na jambo hilo. Kwao si uganga, ni sawa na kumwomba mtu mrefu akuchumie papai.

Mimi nilipojifungua mapacha, vitovu havijakauka, jirani alishaletwa mlangoni akiwa amejikunja mgongo. Nikamkanyaga. Kesho yake alionekana akilima. Basi jina langu likapotea siku hiyo hiyo, nikawa Mama Mapacha mpaka leo. Na nisijifanye mtakatifu: nilipenda. Sokoni nilipishwa. Msibani nilipewa mkeka. Mama mkwe, ambaye kabla ya hapo aliniita "yule wa Kibondo" hata nikiwa nimekaa mbele yake, akaanza kuniita mkamwana. Sasa najua kwamba mgongo uliochoka hupona wenyewe baada ya siku chache, hata ukikanyagwa na mbuzi. Wakati ule sifa zote nilizichukua mimi.

Kabla ya kuzaa nilikuwa golikipa wa timu ya wanawake ya mtaani kwetu. Baada ya mapacha nikarudi kwenye timu kama mshika sanduku la huduma ya kwanza, na kwa kuwa ni fundi cherehani, jezi nilizishona mimi na kuzitunza mimi. Ndani ya sanduku kulikuwa na pamba, spiriti, mafuta ya kuchua yanayowasha mpaka machozi, na mkasi wa kushonea. Dawa yenyewe ilikuwa mguu wangu. Mchezaji akianguka nilikimbia na sanduku kwa heshima tu, kisha nilivua ndala.

Uwanja wetu una mteremko. Ukicheza kuelekea chini, mpira ukitoka unaufuata kwenye maharage ya watu. Mvua ikinyesha, ng'ombe hukatiza katikati na kuacha mashimo ya kwato, na jua likitoka yale mashimo hukauka yakawa magumu kama vikombe. Hakuna aliyeyafukia. Wala hakuna aliyepasha misuli moto. Wanawake walitoka shambani na sokoni, wakafunga kamba za viatu, wakaingia. Ukijikimbiza peke yako pembeni unaulizwa kama unakwenda jeshini. Kocha wetu, ambaye kazi yake ni makanika, alikuwa na maelezo yake: nguvu ni petroli, na petroli huichomi gari likiwa gereji.

Mchezaji wetu bora alikuwa wifi yangu, kitinda mimba wa mama mkwe. Alikuwa akiishi nasi na kujifunza kushona kwangu. Alicheza winga ya kulia. Akikimbia alitoa viwiko nje na kuuma ulimi, na mabeki walimwogopa kuliko walivyowaogopa waume zao. Watu wa kombaini, ile timu teule ya mkoa, walishaanza kuulizia habari zake. Nyumbani tulilizungumza jambo hilo kwa sauti ya chini, kwa kuogopa kulifukuza. Mimi nilijivuna kuliko wote, maana nilikuwa nimemshonea jezi yake iliyombana vizuri mabegani.

Jumamosi moja alasiri, baada ya wiki ya mvua, aliruka kugombea mpira wa kichwa karibu na mstari wa pembeni. Akatua na mguu wa kushoto ndani ya shimo la kwato. Kifundo kikalala kwa nje, yeye akaanguka na kuukumbatia mguu. Nilikimbia na sanduku. Nilipofika, mama mkwe alikuwa amekwisha toka kwa watazamaji na kanga yake imeanguka begani.

"Mkanyage!" alisema. "Mkanyage haraka, mkamwana, kabla damu haijalala."

Wanawake wawili walimshika mabega, wawili magoti, kocha akaushika mguu na kuunyoosha kwenye nyasi. Kulikuwa na kelele nyingi. Nikavua ndala. Nikakanyaga mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu nikazungusha kisigino kama nilivyozoea. Chini ya kisigino nikasikia kitu kidogo kikisogea, mfano wa kijiti kilichosahaulika ndani ya pindo la nguo nzito. Alipiga ukelele mmoja, akanyamaza. Nilijua. Sitasema kwamba sikujua. Lakini watu walikuwa wanapiga makofi, wamemwinua, amesimama, na mimi nikaivaa ndala yangu nikapiga makofi pamoja nao.

Alicheza dakika kumi hivi. Hata krosi alipiga, likapatikana goli, wakaniimbia mimi. Kisha akaketi chini pale pale, akashindwa kuinuka.

Nyumbani mama mkwe alichemsha maji, akatia chumvi, akamkanda kwa kitambaa cha moto huku akimbembeleza kwa Kiha. Alimkanda kwa mapenzi yote ya mama, na kila akikanda mguu ulizidi kuumuka. Asubuhi kifundo hakikuonekana tena. Rangi ya zambarau ilikuwa imepanda hadi kwenye muundi, na vidole vinang'aa. Nikaita bajaji, nikampeleka hospitali. Mama mkwe akapanda pia bila kuitwa.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mpole. Alitundika picha ya eksirei kwenye taa, akatuonyesha mfupa mwembamba wa upande wa nje. Ulikuwa umepasuka, na kipande kimehama kidogo kutoka mahali pake. Akauliza, "Alipoanguka mlifanya nini?"

"Alikanyagwa kidogo tu," mama mkwe alijibu.

"Na nani?"

"Na mimi," nikasema.

Hakunifokea. Ningependa anifokee. Alisema huenda mfupa ulikuwa na ufa tu, usiohama, huenda ulihama wenyewe alipoendelea kucheza, hakuna anayeweza kujua sasa. Kisha akanieleza taratibu, kama vile nilikuwa nimekwenda pale kusoma. Mtu akiumia kifundo asivutwe, asichuliwe, asikandwe na maji ya moto siku za mwanzo, maana moto huita uvimbe. Apumzishwe, awekewe baridi juu ya kitambaa kwa dakika kama ishirini kisha itolewe, afungwe bandeji isiyobana mpaka vidole vikafa ganzi, mguu uinuliwe juu ya mto. Akishindwa kupiga hatua nne, au mfupa wenyewe ukiuma ukibonyezwa, aletwe apigwe picha. Niliyashika yote. Mama mkwe alikuwa akitazama dirishani.

Mfupa ulirudishwa mahali pake, akafungwa lile jasi gumu ambalo mtaani tunaliita hogo. Wiki sita. Alikaa kando ya cherehani yangu, mguu juu ya kigoda na mto, akitoboa vitundu vya vifungo kwa mkono. Nikimwita aliitika. Nikimpa chai alishukuru. Zaidi ya hapo hakunisemesha, na mimi sikumuuliza lolote. Nilijiambia namwachia nafasi. Ukweli ni kwamba nilimwogopa.

Hasira niliyokuwa nayo nilihitaji pa kuipeleka, basi nikaipeleka kwenye timu. Yale mafuta ya kuwasha niliyatoa kwenye sanduku nikayapa kuku... yaani niliyatupa kwenye banda la kuku. Nikachana shuka kuukuu, nikapiga pindo, nikapata bandeji nane ndefu. Shida ikawa baridi, maana barafu hapa kwetu utaipata wapi? Nikamwendea muuza duka wa karibu na msikiti, mzee ambaye watu wake wanatoka Tanga. Ana friza, na huwauzia watoto barafu za ukwaju kwenye vimfuko. Nikachukua zote.

"Leo una shughuli?" akaniuliza.

"Nina goti."

"Barafu hizi ni za kula, mama. Goti halili ukwaju."

"Litakula leo," nikamwambia.

Nilizifunga kwenye kanga nikaziweka juu ya goti la beki wetu aliyegongwa mazoezini. Timu nzima ilicheka mpaka wengine wakakaa chini. Walisema Mama Mapacha sasa anatibu kwa pipi. Beki mwenyewe alizitoa mbili akazila wakati nimegeuka. Lakini siku ya tatu goti lake lilikuwa limenywea na anatembea, na safari iliyofuata hakuna aliyecheka isipokuwa kocha.

Kuhusu kupasha misuli, tuligombana wiki nzima. Kocha alirudia habari zake za petroli. Nikamuuliza asubuhi za baridi za hapa Kasulu anawasha lori na kuondoka nalo kwa kasi hapo hapo, au analiacha lingurume kwanza? Akasema mwanamke si lori. Nikasema vizuri, lakini jezi ninazo mimi. Na kweli ninazo. Tangu siku hiyo, asiyezunguka uwanja mara mbili, akainua magoti, akachuchumaa, akanyoosha mapaja, akaruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa, hapewi jezi. Waliniita polisi. Nikawaambia polisi ana mshahara, mimi sina, kwa hiyo wasinizoee. Jumatano moja nilichukua jembe nikaenda kufukia mashimo ya kwato peke yangu. Nilipofika katikati ya uwanja nikaona wenzangu wanne wamekuja na majembe yao, wanafukia upande wa pili bila kunitazama.

Hogo lilipokatwa, mguu uliotoka ndani yake haukuwa wa winga. Ulikuwa mwembamba, ngozi imekauka, kifundo hakikunjiki. Wifi aliutazama kwa muda mrefu kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake. Jioni ile mama mkwe aliniita sebuleni. Alikuwa amewaita na shangazi wawili wa mume wangu kutoka Munanila, na mume wangu mwenyewe amekaa pembeni akichezea funguo.

Alieleza kwa upole. Kwao, mguu uliomkanyaga mtu vibaya ndio lazima umkanyage tena ili kufunga kazi. Mwingine hawezi. Nisipofanya hivyo, mwanawe atachechemea maisha yake yote, na kombaini ataisikia redioni.

Kwetu mkamwana hazungumzi na mama mkwe akiwa amesimama. Nilipiga magoti kama inavyotakiwa, na nikiwa pale pale magotini nikakataa.

"Mwana wanje, mtoto wangu, anachechemea kwa ajili yako," alisema.

"Ndiyo, mama. Ndiyo sababu simkanyagi."

"Unanijibu?"

"Nakujibu, mama, na nimepiga magoti."

Shangazi mmoja alishika mdomo. Mume wangu, ambaye hapendi kelele, akasema, "Si ungekanyaga tu juu juu, mama watoto, mambo yaishe?" Nikamwambia alale yeye kwanza nimkanyage juu juu kwa kilo zangu zote, tuone kama mambo yataisha. Hakulala. Mama mkwe aliondoka kesho yake kwenda kukaa kwa mwanawe mwingine, na chakula changu hakukionja tena kwa muda mrefu.

Mtaani habari zilikuwa tayari zimepikwa na kuiva. Kwamba namwonea wivu wifi. Kwamba nimemlemaza makusudi. Kwamba, tusisahau, mimi ni wa Kibondo, na Kasulu ikicheza na Kibondo nani atafaidika? Nilizaa watoto wawili kwa mpigo hapa hapa, nikawashonea nusu ya mtaa nguo za Iddi na Krismasi, lakini siku hiyo nikarudi kuwa wa Kibondo. Sikujitetea. Nilikwenda sokoni vile vile, nikapita katikati kabisa, nikanunua samaki, migebuka mikubwa kuliko mfuko wangu.

Nilikuwa namkumbuka mama mmoja Mkongo wa kambi ya Nyarugusu. Tulifahamiana zamani, tulipokwenda kucheza na wanawake wa kambini mechi ya kirafiki. Yeye ndiye aliyeshika sanduku lao. Kwao, ng'ambo ya ziwa, aliwahi kufanya kazi hospitali akiwasaidia waliovunjika kujifunza kutembea upya, na hapa huwasindikiza wagonjwa wa kambini wanapoletwa hospitali ya mjini. Nilimvizia getini mwa hospitali siku tatu mpaka nikampata. Siku ya nne, wagonjwa wake wakiwa kwenye foleni, alikuja mpaka barazani kwangu. Aliushika mguu wa wifi, akauzungusha polepole, macho kayafumba.

"Mfupa iko sawa," alisema. "Ni mguu ndiyo imesahau kazi. Hauko mugonjwa tena, mama. Uko muvivu. Tutaipatia ekzersisi."

"Unaikanyaga?" mama jirani aliuliza kutoka uani, maana watu walikuwa wamejaa kusikiliza.

Yule mama alicheka sana. "Mimi nikanyage muntu? Mimi niko mukristo."

Akamfundisha kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, A mpaka Z, mara tatu kwa siku. Akachukua mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga kwenye mguu wa meza, akamwonyesha kuuvuta kwa kifundo huku na huku. Kusimama kwa mguu mmoja akipiga mswaki. Ikiwa rahisi, afumbe macho. Ikiwa rahisi tena, asimame juu ya gunia lililokunjwa. Kupanda kwa vidole kwenye ngazi ya mlango na kushuka pole, doucement, alisema, doucement. Mwishoni kabisa, kuruka kwa mguu mmoja. Na alituachia sharti: siku ya kurudi uwanjani aruke kwa mguu mzima mpaka achoke, ahesabu, kisha aruke kwa ule ulioumia. Hesabu zikilingana, aingie. Zisipolingana, akae, hata akiitwa na rais.

Wifi alifanya yote. Alifanya kwa kinywa kilichofungwa, kila asubuhi, mswaki mdomoni na jicho moja limefumbwa. Mimi nilisimama mlangoni nikihesabu, nikimkumbusha, nikimkataza. Usikimbie bado. Usivae kile kiatu. Shuka taratibu. Aliniitikia kwa kichwa.

Basi ikaja mechi ya Kibondo. Tulikwenda na lori la maharage, tumekalia magunia matupu, tunaimba. Mama mkwe alikuja pia, akakaa mbele na dereva, akanisalimia kwa kuitikia tu. Habari ilikuwa imeenea kwamba watu wa kombaini watakuwepo. Asubuhi ile, nyuma ya darasa tulilopewa kubadilishia nguo, nilimhesabia wifi. Mguu wa kulia aliruka mara thelathini. Wa kushoto, kumi na tisa, na kifundo kikaanza kutetemeka.

"Huchezi," nikamwambia.

Nilimfunga bandeji, akavaa jezi, akaenda kukaa benchi na wenzake wa akiba.

Kipindi cha pili kikafika, tumefungwa moja bila. Kwenye kivuli upande wa pili walikuwa wamekaa watu wawili na madaftari, na kila mtu alikuwa akijifanya hawaoni. Kocha alitembea mara mbili mbele ya benchi, kisha akamwelekeza wifi kidole. "Ingia."

Nilikuwa nimesimama kabla hajamaliza. "Haingii."

"Nani kocha hapa?"

"Wewe. Na haingii."

Nyuma yangu mama mkwe alikuwa amekwisha fika. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya kuomba, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mama Mapacha," alisema, "mkanyage hapa hapa, mara tatu tu, aingie. Watu wale wanamtazama mtoto wangu. Hawatarudi tena." Wanawake wetu wakasogea, hata watu wa Kibondo nao, maana Kibondo wanajua nini kinafanyika akiitwa mama wa mapacha. Mtu akasema mshikeni. Kocha akainama kuushika mguu.

Hapo ndipo nilipotanua mikono. Nilisimama mbele ya wifi, sanduku miguuni pangu, nikapiga kelele nikiwatazama wazee wangu usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. "Simkanyagi! Simkanyagi leo wala kesho, na mguu huu hauingii uwanjani. Anayetaka kumgusa aanze na mimi. Niiteni mchawi, niiteni wa Kibondo, nirudisheni Murungu na cherehani yangu, lakini mtu hamgusi!" Nilikuwa nalia, na sikujali. Mwamuzi alikuwa amesimamisha mchezo akitushangaa.

Kisha nikasikia mkono ukinisogeza pembeni. Ulikuwa wa wifi. Alinipita, akampita mama yake, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mstari. Nikasema moyoni, basi, anaingia. Kocha akamwinulia mwamuzi mkono.

Hakuingia. Aliinua mguu wa kushoto, akaanza kuruka kwa wa kulia, akihesabu kwa sauti mbele ya uwanja wote. Alipofika thelathini akabadilisha. Moja. Mbili. Wenzake wa benchi walianza kuhesabu pamoja naye. Kumi. Kumi na tano. Mama mkwe alikuwa akihesabu pia, nilimsikia, kwa Kiha. Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na moja. Kifundo kikatikisika, akashusha mguu wa pili asianguke.

"Bado tisa," akamwambia kocha. Akavua jezi, akabaki na fulana, akampa msichana aliyekaa mwisho wa benchi. "Ingia wewe."

Akamgeukia mama yake. "Mama, sitaki kukanyagwa. Si na yeye, si na mtu mwingine." Halafu akanigeukia mimi, na hapo nilikuwa nimeanza kutabasamu, namshukuru Mungu, najiona nimeshinda.

"Na wewe usijisifu," alisema. "Siku ile kule kwenye uwanja wetu nilisema msinishike. Nilisema mara mbili. Hukusikia, kwa sababu hukuniuliza. Leo tena, asubuhi umesema sichezi, sasa hivi umesema siingii. Kuniuliza, hujaniuliza."

Mchezo ulianza tena, mpira ukapita karibu yetu, mtu akaufuata. Wifi alikuwa ameketi chini kwenye nyasi, mguu umenyooka, na kwa ule mruko bandeji ilikuwa imelegea na kuteremka kisiginoni. Nikachuchumaa mbele yake. Mikono yangu ilishaanza kwenda yenyewe kwenye ncha ya kitambaa. Nikairudisha.

"Nikufunge," nikauliza, "au niache?"

Kibondo walirusha mpira, wakaupoteza, wetu wakaupata. Mama mkwe alikuwa amesimama juu yetu akitusikiliza. Kisha wifi akaisukuma ncha ya bandeji kwangu kwa kidole.

"Funga," alisema. "Ikibana nitakwambia."

Nikamfunga, na kila mzunguko nikauliza.